Piko Asiyoipaka Shangazi

Saa ya mnada, soko la samaki la Bagamoyo likiwa limefurika watu wanaosukumana na kuitana, msichana mmoja alisimama mbele ya karai la Muhidini asiulize bei. Aliuliza yule samaki changu kwenye ndoo amekufa saa ngapi.

Muhidini akamjibu kwamba yeye ni mkaanga samaki, si daktari wa maiti, na isitoshe changu mwenyewe yu hai. Msichana akafurahi kama aliyepewa zawadi. Alikuwa na baibui la buluu, mtandio wa rangi ya embe bivu, na kichupa cha dawa mkononi. Akamnunua changu, akatoa kisu chake mwenyewe, akakata kipande cha matamvua, yale mekundu anayopumulia samaki, kisichozidi punje ya mchele, akakitumbukiza kichupani upesi, kisha samaki mzima akamwachia Muhidini. Vibua karaini vikaungua. Jamani, Muhidini amewaona wapenda kichwa na wapenda mkia, lakini mla matamvua hakuwahi kumwona.

Aliitwa Adila, binti wa kijiji cha Zinga, anafanya kazi katika maabara ya viumbe vya bahari pale mjini. Alirudi tena, na tena. Muhidini akawa anamtengea changu hai kwenye ndoo yake peke yake. Simu nazo zikaanza.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimekula. Samaki wako hana matamvua."

"Ninayo mimi. Yanakusalimu."

Muhidini akafa, akaoza. Akamwendea shangazi yake aliyemlea, Bi Kuruthumu, mwanamke anayewapaka maharusi wa mji hina na piko, ile rangi nyeusi ya wake za watu. Shangazi akakubali kupeleka posa Zinga siku ya Ijumaa, ila kwanza amwone binti kwa macho yake.

Jumatano Adila akapita sokoni mbiombio, shangazi akiwa amemngojea kando ya karai. Akamwamkia shangazi kwa adabu zote, akampa mkono. Bi Kuruthumu akaupokea, akaugeuza, akauachia kama kaa la moto. Ncha za vidole vitatu zilikuwa nyeusi ti.

"Muhidini," shangazi alisema binti alipokwisha kuondoka, "yule mke wa mtu. Mwari gani anapaka piko? Mikono ndiyo kazi yangu, hainidanganyi." Kisha akaongeza, kwa wivu kidogo wa kazi, kwamba piko yenyewe imeshika vizuri mno.

Muhidini akapiga simu, haipatikani. Maabarani simu huzimwa, lakini yeye atajuaje? Moyo wake ulimwambia yuko kwa mumewe. Adila alipopiga baadaye, hakupokea. Alikaanga samaki wakawa makaa, na mteja aliyelalamika aliambiwa akale ugali na chumvi. Ijumaa ikafika, posa haikwenda.

Baada ya swala, Adila akatokea sokoni, mtandio umekaa upande.

"Nimekupigia mpaka nimechoka. Nimekukosea nini?"

"Mumeo anajua uko hapa? Uliyempakia piko?"

Adila akautazama mkono wake, akamtazama yeye, akacheka mpaka akakaa chini. Kicheko kile kilimuuma Muhidini kuliko mafuta ya moto. Kisha binti akafuta machozi, akamwambia afunge karai, amwite na shangazi.

Kule maabarani akawasimamisha mbali na kabati la kioo. Akavaa glavu mbili mbili, akaingiza mikono kabatini, akadondoshea dawa kipande cheupe cha mafuta ya samaki. Wakangoja. Kipande kikaanza kufifia, kikawa kijivu, kikawa cheusi ti. Dawa hiyo, akawaeleza, hushika mafuta ya mwilini na kuikaza nyama laini. Jumanne glavu ilipasuka, dawa ikashika ya vidole vyake, na mkubwa wake akamgombeza vya kutosha. Matamvua yakishatoka humo huogeshwa kwa spiriti mpaka maji yaishe, hukaushwa, huvikwa utando wa dhahabu, ndipo darubini iyaone. Akawaonyesha picha: matamvua ya changu yamepangana kama makuti ya paa.

"Kwa hiyo samaki wangu kavikwa dhahabu," Muhidini akasema, "mchumba wangu bado."

"Mchumba yupi? Simu zangu hupokei."

"Niliogopa, Adi. Nilidhani nimekukosa, nikaona bora nisisikie ukisema. Nisamehe."

Adila akavua glavu, moja moja. Shangazi, aliyekwisha kusogea mpaka pua inakaribia kioo, akauliza kama anaweza kupata kichupa kidogo kwa ajili ya maharusi wake. Akaambiwa ni sumu, inapofua macho. Na hiyo rangi, haitoki? Hainawiki, akajibiwa, inangoja ngozi ibanduke.

Bi Kuruthumu akaushika tena ule mkono, safari hii hakuuachia.

"Basi kesho nakwenda Zinga, na harusi iwe kabla ngozi haijabanduka. Mtaa mzima nimeutangazia kwamba hii ni piko ya ndoa. Sitaki kuitwa muongo uzeeni."

Adila akavihesabu vidole vyake taratibu.

"Mwambie shangazi," akamwambia Muhidini, "saba vilivyobaki atanipaka yeye."