Namba za Signy

Duka la kuchapisha la chuo, pale Winnipeg, Kanada, lilikuwa limefurika wanafunzi wenye tasnifu mikononi na macho mekundu. Signy Bjarnason, ndani ya koti la manjano, theluji bado haijayeyuka kofiani, alikuwa na kompyuta mapajani akijisonyea. Profesa wake alitaka mlinganyo mmoja uongezwe sura ya pili. Mmoja tu! Lakini Signy alikuwa ameziandika namba zote mwenyewe, moja moja, milinganyo mia na kumi na miwili, na sasa kila namba iliyofuata ilibidi isogee.

"Dada, unazibadilisha moja moja?" sauti ikauliza nyuma yake. "Pole. Utazeekea hapa hapa."

"Kwani nani amekuuliza?"

"Hakuna. Naitwa Taras. Naandika vitabu vya maelekezo ya matrekta, namba ndiyo kazi yangu."

Mwanamume mrefu, sweta la kijani limetoboka kiwiko, na tabasamu la kuudhi. Akaketi, akamwonyesha: usiandike namba, iache kompyuta ihesabu yenyewe. Na kwenye maelezo, badala ya kuandika "mlinganyo wa 14", weka kiungo kitakachoifuata namba popote itakapohamia. Waliongeza ule mmoja, wakasasisha, namba zote zikajipanga. Signy akacheka hadi watu wakageuka. Moyo nao ukaenda, jamani, niseme nini tena?

Kwa wiki sita ikawa simu asubuhi, simu mchana.

"Mpenzi, umekula?" Taras aliuliza siku moja.

"Nimemaliza perogi zote za viazi ulizoniletea."

"Mlafi wewe! Hata moja hukunibakizia?"

Siku mbili kabla ya kukabidhi tasnifu, Signy alifungua faili akakuta sura ya tatu nzima imejaa maneno yale yale: rejeo halikupatikana. Mara arobaini! Akampigia Taras, hasira zimempanda.

"Umeniharibia kazi ya miaka mitano!"

"Signy, tulia, ngoja nije nitazame..."

"Usije! Nilikuhitaji kwa namba tu, na hizo nazo zimekushinda."

Taras akasema taratibu, "Sawa, nimeelewa," akakata simu.

Signy aliketi kuchunguza mstari kwa mstari. Saa nzima haikupita akagundua. Juzi yake alikuwa amefuta milinganyo ya sura hiyo ili aiandike upya vizuri, na kwa kuifuta akazifuta zile alama ambazo viungo vilikuwa vikizitafuta. Kosa lake mwenyewe, asilimia mia. Aliviunganisha upya kimoja kimoja huku akilia, akakabidhi tasnifu kwa wakati. Taras hakupokea simu hata moja.

Siku ya tatu, saa ya chakula cha mchana, akamfuata kwenye kiwanda cha matrekta anakofanyia kazi. Alimkuta ofisini mbele ya mchoro wa gurudumu, hajanyoa.

"Zimeharibika tena?" Taras aliuliza bila kugeuka.

"Ziko sawa. Nimezirekebisha mwenyewe. Kosa lilikuwa langu, Taras, halafu nikakutukana wewe. Nisamehe."

"Basi sasa unanihitajia nini?"

"Sikuhitajii kitu. Nakupenda tu. Nioe, tafadhali, kabla sijalia mbele ya wenzako."

Wenzake walishasimamisha kazi kitambo, masikio wazi. Taras aligeuka, akamvuta mkono akaushika kwa nguvu. Kwa mkono mwingine akanyanyua simu ya mezani.

"Mama? Jumapili nakuja na mkweo. Hapana, silii. Mafua tu."