Moshi Katika Stoo ya Chini

Jumapili ile Britta Halvorsen aliamka kama Jumapili nyingine zote. Alitandika kitanda, akala chapati nene za maziwa zilizomwagiwa shira, kisha akatumwa uani kukusanya majani. Miti ya mtaa wetu ikianza kupukutika mwezi wa Oktoba haina huruma. Ukimaliza upande huu, upande ule umeshajaa tena. Mdogo wake Nels, mwenye miaka sita, alikuwa "anasaidia", yaani alikuwa anarukia kila fungu lililokwisha kukusanywa.

"We Nels, nitakutia kwenye gunia pamoja na majani!"

"Nitie! Nitafufuka humo niwatishe watu!"

Ilikuwa siku ya Halowini. Watoto wangevaa mavazi ya kutisha na kupita nyumba kwa nyumba wakiomba peremende. Miji mingine hufanya hivyo gizani, lakini halmashauri ya mji wetu wa Alder Falls huogopa magari kuliko mizimu. Ilitangaza kuwa watoto watapita kuanzia saa tisa alasiri hadi saa kumi na mbili. Mizimu mchana kweupe! Ndiyo maana kumtisha mtu mtaani kwetu ni kazi ngumu. Mwaka uliotangulia nyumba ya akina Britta haikumtisha hata paka, na Colton, jirani yao wa darasa moja, hakuacha kulisema hilo shuleni. Britta alikuwa na haja moja tu mwaka huu: Colton apige yowe.

Mama yao, Joanne, aliuza samaki katika duka kubwa la vyakula mjini. Adhuhuri alirudi na barafu kavu, ile ya kuhifadhia samaki ambayo hufuka moshi mweupe ikitiwa maji ya moto, ndani ya kisanduku cha baridi. Madirisha yote ya gari yalikuwa wazi, na pua yake ilikuwa nyekundu kwa baridi.

"Mama, mbona hukufunga madirisha? Umekuwa kama nyanya!"

"Nina sababu zangu. Sikiliza. Barafu hii haishikwi kwa mkono mtupu, inaunguza kama moto. Vaa glavu nene, tumia koleo. Usiifungie kwenye chupa wala mtungi, itapasuka. Na ni barazani tu, kwenye hewa. Umenisikia?"

"Barazani tu. Kwa nini?"

"Nitakueleza. Ngoja kwanza niweke maharage jikoni."

Maharage yakawekwa, kisha nyanya, kisha simu ikalia, na maelezo yakasahaulika.

Saa tisa ilipofika, Britta na rafiki yake Mai See Vang walikuwa barazani, kati ya maboga waliyoyachonga macho na meno. Mai See alimwaga maji ya moto kwenye sufuria nyeusi, Britta akadondosha vipande vya barafu kwa koleo. Moshi mweupe ukafoka ukingoni. Wasichana wakashangilia. Kisha upepo ukapita, moshi wote ukaenda zake, na jua likang'aa juu ya sufuria ya maji.

Colton alikuja amevaa kinyago cha mbwamwitu. Alichungulia sufuria, akavua kinyago ili aonekane vizuri akicheka.

"Peremende au utundu! Huu ndio uchawi wenu? Bibi yangu akichemsha viazi anatoa moshi kuliko huu. Mnisalimie viazi!"

Akachukua peremende mbili, akaondoka. Britta alihisi uso wake ukiwaka moto.

"Twende stoo ya chini," alisema.

Stoo hiyo ilikuwa chini ya nyumba. Waliingia kwa ngazi fupi kutoka uani, kupitia milango miwili ya mbao. Ndani mlikuwa na viazi, mitungi ya achari, na giza zuri lisilo na upepo.

"Mama yako kasema barazani," Mai See alikumbusha.

"Yuko jikoni, hatajua. Kidogo tu, Mai See! Colton akishalia tunarudisha."

Walihamisha kila kitu. Nels alilala sakafuni ndani ya jeneza la maboksi, uso umepakwa unga, na moshi ukamfunika kama blanketi. Aliposikia miguu kwenye ngazi, aliinuka akinguruma. Kundi la kwanza lilitimua mbio, likimwaga peremende njiani. Kundi la pili likaja kwa sababu ya kelele za la kwanza. Habari zikaenea mtaa mzima, na hata Colton akarudi. Aliteremka akijidai, akasimama juu ya jeneza, Nels akamshika kifundo cha mguu. Yowe alilopiga lilisikika hadi kanisani.

Britta alicheka mpaka akajishika mbavu. Hakuna mtu aliyekuwa na furaha kama yeye Alder Falls nzima. Angerudisha vitu barazani wakati huo, hadithi ingeishia hapo. Lakini nje palikuwa na foleni, na nani hufunga duka wateja wakiwa mlangoni? Akaongeza maji, akaongeza barafu, akafunga milango ili giza lisitoke.

"Britta, kichwa kinaniuma," Nels alisema kutoka ndani ya moshi.

"Vumilia kidogo, wanakuja wengine."

"Mbona anahema hivyo?" Mai See aliuliza. "Kama mtu aliyekimbia."

"Anaigiza huyo. We humjui Nels."

Kundi lililofuata liliteremka. Nels hakuinuka. Watoto walisubiri, wakatazamana, wakatoka wakinung'unika.

"Nels, zamu yako ilikuwa sasa hivi! Amka!"

Britta aliinama ndani ya jeneza, akavuta pumzi. Pua ikamwasha, na chumba kikaanza kumzunguka. Aliposimama wima, akapata hewa. Ndipo akayakumbuka madirisha ya gari, yaliyoachwa wazi katika baridi ile.

"Mai See! Mshike huku! Mtoe!"

Walimburuta Nels ngazini hadi kwenye majani. Midomo yake ilikuwa imepauka. Baada ya muda ulioonekana mrefu sana, alikohoa, akafungua macho, akaanza kulia. Britta hakuwahi kufurahia kilio cha mdogo wake kama siku ile.

"Anapumua," alisema Mai See. "Sasa tufanyeje?"

Hakuna mkubwa aliyeona. Wangeweza kusema Nels amejikwaa, wakamlaza kitandani, mambo yakaisha. Wazo hilo lilimjia Britta, tena lilimjia upesi. Lakini alimtazama Nels akijishika kichwa, akajua kwamba hajui ni kitu gani kilichomwingia mdogo wake.

"Funga milango, usimruhusu mtu ashuke!" alimwambia Mai See, akakimbilia jikoni.

"Mama, nimeipeleka barafu stooni, tena yote, na milango nimeifunga, na Nels alikuwa amelala sakafuni na alizimia!"

Mwiko ulianguka chini. Mama alitoka nje akiwa ameshika simu sikioni.

Gari la wagonjwa lilifika pamoja na lile la zimamoto. Mhudumu alimvisha Nels barakoa ya hewa safi, akamuuliza Britta: barafu ilikuwa kiasi gani? Mtoto alilala chini muda gani? Alijibu yote bila kupunguza. Mtu wa zimamoto aliyevaa mtungi wa hewa mgongoni aliteremka, akatoa sufuria na kisanduku, na milango ya stoo ikaachwa wazi kabisa.

"Yuko salama," mhudumu alisema baada ya kumpima na kumpima tena. "Usiku huu asilale peke yake."

Colton alikuwa amesimama kwenye uzio, kinyago mkononi. Alikuja polepole, akaweka chokoleti yake kubwa kuliko zote kwenye mapaja ya Nels.

"Ulinitisha kweli," alisema. "Mara zote mbili."

Jua lilipoanza kuzama, mama mwenyewe aliirudisha sufuria kwenye baraza. Alitundika shuka jeusi upande wa upepo, akatia kipande kimoja cha barafu. Moshi ukateremka ngazi moja baada ya nyingine, mweupe juu ya nguo nyeusi, na watoto wa mwisho wakapita wakisema "Loo!" Nels aliwagawia peremende kutoka kwenye kiti kirefu, amevikwa blanketi.

Britta alikaa karibu na mama yake. "Nisamehe, Mama."

"Nimekusamehe. Mimi nami nilikupa amri nikasahau kukupa sababu. Barafu hii ikiyeyuka haiwi maji, inakuwa hewa isiyofaa kuvutwa. Hewa hiyo ni nzito, hushuka na kujaa chini, na mahali palipofungwa haina pa kutokea, ndiyo maana gari nililiendesha madirisha wazi. Nyinyi mliosimama mlipumua vizuri. Aliyelala ndiye iliyemfunika."

"Lakini moshi niliuona, Mama. Sikuuogopa."

"Moshi ni matone ya maji tu. Kilichomdhuru mdogo wako hakionekani wala hakinuki. Ungenificha ukasema, tuseme, amejikwaa, ningemfunga plasta gotini nikarudi kwenye maharage. Na wale watoto kwenye foleni wangeshuka." Alimvuta bintiye karibu. "Kosa ulilifanya, Britta, na adhabu utaipata, stoo nzima utaisafisha. Lakini ulikuja kusema kweli kabla hujaulizwa, na ndiyo maana leo nina watoto wawili barazani."

Nels aligeuka kwenye kiti chake, mdomo umejaa chokoleti.

"Mama, mwaka ujao nitakuwa tena maiti?"

"Utakuwa," alisema mama. "Lakini maiti wa kusimama."