Majibu Yaliyosomwa Kabla Hayajafika

"Wasikilizaji popote mlipo, mliokaa, mliolala na mliojificha ili msioshe vyombo, hii ni taarifa ya habari kutoka Karakana Kuu ya Taifa. Mheshimiwa paka wa jirani leo amefanya ziara ya ghafla jikoni na kuondoka na samaki mmoja. Serikali, yaani shangazi, imelaani vikali kitendo hicho."

Karakana Kuu ya Taifa, kusema kweli, ilikuwa chumba kimoja cha mbele chenye mlango wa mabati. Wasikilizaji popote walipo walikuwa wawili: babu, fundi redio, na shangazi, binti yake, aliyefanya kazi katika maabara ya hospitali. Msomaji wa habari alikuwa mjukuu aliyekuja kila likizo kutoka shule ya bweni. Kwa sababu ya sauti yake, babu alimbandika jina la Spika.

Siku hizi chumba kile kinauza vifuniko vya simu. Lakini Spika akipita pale, pua yake bado huitafuta harufu ya risasi iliyoyeyuka kwenye chuma cha kulehemu, na masikio yake huzitafuta redio zilizofunguliwa matumbo, kila moja ikikoroma kivyake. Jioni, kazi ikiisha, babu aliunganisha kipaza sauti, akajiegemeza ukutani na kusema, "Haya, tupashe." Habari zilikuwa za nyumbani tu: nani kavunja kikombe, nani kakwepa kuoga. Sheria ilikuwa moja. Kuongeza chumvi ruksa, ila tukio lenyewe liwe limetokea kweli.

Likizo moja babu akanyamaza. Kwa miezi mingi alikuwa akiona damu chooni na kujikausha, kwa sababu, alivyosema baadaye, ugonjwa wenyewe ulikuwa umechagua mahali pa kukaa pasipo na adabu. Shangazi alipogundua hakumwomba ushauri. Alimshika mkono hadi hospitali. Huko ukaonekana uvimbe mwishoni mwa utumbo mpana. Ilikuwa saratani ya puru. Daktari alikata kipande kidogo cha uvimbe, kikapelekwa kupimwa.

Shangazi alimweleza Spika huku wakimenya viazi. Watu wawili wanaweza kuwa na uvimbe mahali palepale, tiba ileile ikamfaa mmoja na isimsaidie mwingine. Ndiyo maana maabara hutafuta viashiria, yaani alama ndani ya uvimbe zinazodokeza utaitikia tiba gani. Kuna protini fulani zinazorekebisha makosa ndani ya chembe za mwili. Zikikosekana kwenye uvimbe, zipo dawa za kuamsha kinga ya mwili ambazo mara nyingi huuyeyusha, pengine hata bila kisu. Zikiwepo, dawa hizo huwa hazitarajiwi kusaidia, na safari inakuwa ndefu: mionzi, dawa kali, na huenda upasuaji.

"Zinadokeza," shangazi alirudia. "Haziapi."

Spika alikuwa amebaki na maneno mawili tu kichwani: bila kisu.

Siku za kusubiri majibu zilikuwa mbaya kuliko za mtihani wa hesabu. Babu alikaa na redio moja mbele yake, bisibisi mkononi, asiiguse. Jioni hakuna aliyesema "tupashe". Walikula wakisikilizana wakitafuna.

Asubuhi moja simu ya nyumbani ililia, Spika akapokea. Alikuwa shangazi, akipiga kutoka maabara. Kipande kile kilikuwa kidogo mno, vipimo havikuonyesha kitu cha kueleweka. Babu alitakiwa arudi kesho yake mapema kikatwe kingine, kwa maana madaktari wangekutana wiki ileile kupanga tiba yake, na bila majibu wangekuwa wanapapasa gizani. "Mwambie baba sasa hivi," akasisitiza, akakata simu.

Spika alikwenda kusema hivyo hivyo. Kweli kabisa. Lakini alimkuta babu amesimama mlangoni, taulo begani. "Ni binti yangu?" babu aliuliza. "Kasemaje?" Sauti yake ilikuwa ndogo kama ya mtoto aliyeitwa ofisini kwa mwalimu mkuu.

Spika akakinyakua kipaza sauti.

"Habari zilizotufikia hivi punde," alinguruma, "zinasema majibu ya mzee wetu yametoka. Uvimbe wake ni wa ile aina inayoyeyuka. Hakuna kisu. Mzee anaombwa apumzike mpaka atakapoitwa."

Babu alikaa chini, akafuta macho kwa kitambaa chenye grisi. Kisha akacheka, na siku ile akatengeneza redio tatu huku akiimba vibaya. Alimtangazia mshona viatu wa ng'ambo ya barabara kwamba hapasuliwi tena. Spika alijiona daktari bingwa. Kwamba shangazi angerudi nyumbani jioni ileile ni jambo ambalo, kwa sababu zisizojulikana na sayansi, halikumjia akilini.

Shangazi aliporudi alikuta mfuko wa safari mlangoni.

"Baba, mfuko wa nini?"

Babu alieleza kwa furaha kwamba alfajiri angeondoka kwenda kwa kaka yake, akae huko mpaka hospitali imwite. Si majibu yameshatoka? Shangazi aligeuka taratibu kumtazama Spika. Spika alinyoosha mkono kuchukua kipaza sauti asome marekebisho, lakini babu alikuwa amekwisha kuzima mtambo.

"Hapana," alisema. "Hii niambie kwa mdomo wako."

Spika akamwambia yote. Babu hakumgombeza. Alifungua mfuko akatoa mashati yake moja moja, akayakunja upya na kuyarudisha kabatini. Spika angeona afadhali viboko.

Kesho yake walikwenda hospitali wote watatu. Kipande kipya kilipopimwa, shangazi alimruhusu Spika achungulie kwenye hadubini: vidoa vya rangi ya kahawia kila mahali. Maana yake protini zilikuwepo. Njia ya babu ilikuwa ile ndefu, na madaktari waliipanga wakijua wanachokifanya. Babu alikonda, akachoka, akatapika, akamtukana mpishi wa hospitali. Lakini uvimbe ulisinyaa vizuri, na baada ya upasuaji madaktari walisema wameridhika.

Likizo iliyofuata babu alikuwa amerudi kwenye meza yake, na Spika alikuwa akimpa skrubu. Akaona ni wakati mzuri wa kujisafisha.

"Babu, siku ile nilitaka tu ufurahi."

Babu alimtazama juu ya miwani. "Nifurahi mimi?"

Spika aliichezea ile skrubu mpaka ikamdondoka. "Hapana," alisema mwishowe. "Nilikuwa naogopa. Ulivyonyamaza nilidhani umeshaanza kufa. Nilitaka mimi nisiogope tena."

Babu aliiweka bisibisi chini.

"Mimi nilificha damu kwa sababu ya aibu, wewe ukaficha ujumbe wa simu kwa sababu ya hofu. Wote wawili tulikaribia kumnyima daktari kitu alichohitaji ili anitibu," alisema. "Siku nyingine ukiogopa, mjukuu wangu, njoo useme naogopa. Hiyo ndiyo habari niliyokuwa naisubiri siku zile zote, maana hata mimi nilikuwa naogopa peke yangu."