Sufuria ya Mzee Gordon

Chumvi ndiyo iliyotangulia kupotea. Phelesia aliitia kwenye mboga, akaonja, akaongeza, akaonja tena, na bado sukuma wiki ilikuwa kama majani ya kulishia sungura. Akadhani pakiti ilikuwa mbovu. Alinunua nyingine sokoni Rangwe, nayo ikawa vile vile. Binti yake, Lynnet, alicheka akamwambia kwamba tangu baba afariki, nyumba imebaki bila mpishi. Phelesia akanuna, kwa sababu maneno hayo yalikuwa ya kweli.

Mumewe, Mzee Gordon, alikuwa mpishi mkuu wa hoteli ya watalii kisiwani Takawiri hadi alipostaafu, na alipostaafu hakujua kukaa. Akawa anapika bure kwenye matanga, harusi na mikutano ya kanisa. Watu wenye kesi ya mpaka wa shamba walikula samaki wake wa mbuta wakasahau nani alimshtaki nani. Alikuwa mnene, mwingi wa kicheko, na hakuweza kumwona mtu akipita barabarani na njaa. Chakula kilipoiva, hakutuma mtu kuita. Alitoka uani na sufuria yake kubwa, ile ya kupikia wageni, akaipiga kwa mwiko, na yeyote aliyesikia, awe jirani au mpita njia, alijua amekaribishwa. Hata mbwa wa mbali walikuja.

Mwaka mmoja baada ya kuzikwa, familia ikamfanyia ukumbusho. Watu walijaa boma. Kila aliyesimama kuzungumza alimtaja Mungu mara moja na samaki wa Gordon mara nne. Phelesia aliketi mbele akiwa na leso mpya, akafurahi kwelikweli, maana si kila mjane hupewa siku kama ile.

Jioni hiyo, wageni wakiwa wametawanyika na vyombo vingali vichafu, upepo ukatoka upande wa ziwa. Pande zile kila mtu anaujua upepo huo, hata wale wanaojifanya wamesoma mno. Ni nyawawa, roho za wafu wasio na kwao, wanaopita wakinong'ona kama watu walio chini ya maji. Dawa yao ni moja. Kila boma hupiga debe, bati au sufuria, ili wasisimame hapo, wasonge kwa jirani, naye jirani awasukume mbele, mpaka warudi ziwani. Makelele yakaanzia kwa Otieno, ng'ambo ya kijito, yakasambaa kilima kizima. Phelesia naye akashika kilichokuwa karibu. Ilikuwa sufuria ya Gordon, na mwiko ulikuwa ndani yake. Akaipiga kwa nguvu zake zote.

Upepo ukakatika pale pale juu ya boma lake. Masikini, alidhani wamekimbia, akajisifu. Heri angepiga bati. Sauti ya sufuria ile ilikuwa na maana moja tu katika nchi yote ile, na wale waliokuwa wakipita na njaa yao walisikia wakiitwa mezani.

Chumvi ilipopotea, harufu ikafuata. Jikoni kulinuka tope la ziwa na samaki aliyelala, na katikati ya uvundo huo, kitunguu kikikaangwa, ilhali jiko lilikuwa baridi. Kisha ikaja sauti ya sahani zilizopangwa kabatini, zikigusana polepole. Phelesia alisali, akanyunyiza maji, akafukuza paka ambaye hakuwapo. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, lakini asiye na mikono utampaje jembe?

Wakamchagua Lynnet. Msichana alikuwa amebakiza muhula mmoja amalize chuo cha ualimu, na ndiye mtoto pekee aliyembakia Phelesia, kwani wawili wa kwanza walikuwa wamelala nyuma ya nyumba kando ya baba yao. Alianza kula kuliko kawaida. Alimaliza sima yake, akamaliza ya mama yake, akakwangua hata ukoko, na bado alilia njaa, huku mashavu yakimwingia na mifupa ya mabega ikimtoka. Hospitali walimpima kila kitu wakasema hana ugonjwa. Wakampa dawa ya minyoo.

Jioni moja walikuwa mezani, wawili tu, wameketi bega kwa bega, mlango ukiwa nyuma yao. Lynnet akaacha kutafuna.

"Mama, usigeuke," alisema kwa sauti ya chini.

"Kuna nini?"

"Wako nyuma yangu. Wamepanga laini mpaka nje. Wanangoja nimeze."

Phelesia hakugeuka, ila macho yake yaliteremka kwenye sahani ya mwanawe, akaona ile sima nyeupe, iliyokuwa ikitoa moshi muda mfupi tu uliopita, ikibonyea yenyewe hapa na pale, kama inavyobonyea chini ya vidole, vidole vingi, vingine vidogo vya watoto, vikimega na kurudi na kumega tena, na kila vilipomega sima haikupungua bali Lynnet alijikunja kidogo, na nyuma ya kiti chake kikasikika kitu kikimeza, na nyuma ya hicho kingine, na kingine, mpaka mlangoni, mpaka uani, mpaka gizani ambako hakuweza kusikia tena lakini alijua kwamba laini haijaisha.

Kesho yake akamleta mganga kutoka Lambwe, mwanamke mfupi aitwaye Millicent, mwenye sifa ya kutoa vilivyowashinda wengine. Alifukiza majani, akazunguka nyumba, akalamba udongo wa mlangoni, kisha akakaa chini kama mtu aliyechoka. Alikataa chai.

"Hawa hawakuvamia, mama," alisema. "Wewe uliwaita. Mgeni aliyeitwa hafukuzwi na dawa."

"Watashiba lini?"

"Aliyekufa na njaa hashibi. Watamaliza huyu msichana, halafu wewe."

Phelesia akauliza kama sufuria inaweza kutupwa ziwani. Millicent akatikisa kichwa. Ikitupwa, alieleza, wageni watabaki palepale walipokaribishwa. Lakini humfuata anayeipokea. Ikipokewa na mtu wa nyumba nyingine, kwa hiari yake na kwa mikono yake mwenyewe, wataenda kula huko. Hakusema kwa nani. Aliinuka akaenda zake bila kumtazama mtu usoni.

Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Usiku kucha Phelesia aliwapitia watu moyoni, mmoja mmoja. Otieno asingepokea, wala mwingine yeyote wa ukoo, maana nani angegusa chombo cha marehemu kutoka boma lenye ugonjwa kama ule? Kulipokucha alikuwa amebaki na jina moja.

Edinah Nyaboke alikuwa ametoka Kisii, amepanga chumba kando ya barabara, akiuza maharagwe na chapati. Nyawawa hakuwajua. Jioni ile ya makelele aliuliza ni timu gani imefunga bao. Kila Ijumaa kabla ya Sabato kuingia alimletea Lynnet uji wa wimbi na kumwombea. Alikuwa na mtoto mchanga wa kiume, mnene, wa kwanza, aliyempata baada ya miaka mingi ya kungoja.

Phelesia alisugua sufuria kwa majivu mpaka ikang'aa, akaibeba kichwani mchana kweupe.

"Siwezi chukua hii, mama," Edinah alisema. "Ni ya mzee."

"Angependa ikae kwa mtu anapikia watu."

Edinah akafuta machozi kwa kanga, akaipokea kwa mikono miwili, akashukuru kwa maneno mengi. Wakati huo Phelesia alihisi vitu baridi, vyenye unyevu, vikimpita ubavuni taratibu, vikiingia kwa zamu, kwa adabu zote za wageni. Mtoto mgongoni kwa mama yake aligeuza kichwa, akavifuata kwa macho. Mkuki kwa nguruwe mtamu. Phelesia aliaga na kutembea haraka bila kutazama nyuma.

Nyumbani, mboga ilikuwa na chumvi, tena imezidi. Lynnet alikula sahani moja akasema ameshiba. Phelesia alilia kwa furaha, na furaha ile ilikuwa ya kweli, hakuna cha kuificha. Baada ya muda msichana alinenepa, akaanza kupanga sanduku la kurudi chuoni.

Ndipo Edinah akaja asubuhi moja, kitambaa cha kichwa kimekaa upande, mtoto mikononi.

"Mama, wewe umelea," alisema. "Ananyonya mchana na usiku, hashibi, na bado anaisha. Hii ni nini?"

Phelesia akampokea. Mtoto alikuwa mwepesi kama gunzi. Hakulia. Alitazama juu ya bega la Phelesia, mahali ambapo hapakuwa na mtu, na mdomo wake ulikuwa wazi. Ndani, Lynnet alikuwa akiosha vyombo na kuimba.

Phelesia akamrudishia mama mwanawe.

"Ni meno tu, binti yangu," alisema. "Endelea kumnyonyesha."

Akamsindikiza mpaka kwenye lango, akalifunga taratibu, asionekane ana haraka.