Siku za Bahari za Bibi Mal-sun

Kila siku ya bahari Da-on aliamka mapema, akala wali na mwani, kisha akasukuma mkokoteni wa bibi yake hadi ufukweni. Bibi Mal-sun alitangulia, mikono mgongoni, kama jemadari. Alikuwa na zaidi ya miaka sabini na bado alizama bila mtungi wa hewa, akitafuta pweza na konokono wa baharini. Katika kijiji chao kisiwani Jeju, huko Korea, hakuna wanawake wanaoheshimiwa kuliko wazamiaji.

Asubuhi moja Da-on aliona jambo. Bibi alitoa kidonge chake cha presha, akakitazama, akakirudisha koponi.

"Bibi, hujameza."

"Una macho makali kuliko shakwe. Funga mdomo, sukuma mkokoteni."

Kesho yake walikwenda zahanati. Daktari Hyun, kijana mpole aliyetoka Seoul, alimpima Bibi, akasoma namba, akakunja uso.

"Presha imepanda tena, mama. Unameza dawa?"

"Nameza."

"Nimekuongezea dozi na bado haishuki. Ukizama hivi, utapata kiharusi majini. Samahani, mama. Bahari basi."

Bibi alitazama mikono yake.

Da-on aliwaza. Akisema, Bibi atakasirika. Akinyamaza, Bibi atakaa nchi kavu maisha yake yote kwa sababu ya uongo.

"Daktari, hamezi," alisema. "Siku za bahari hamezi."

"We mtoto! Nani kakuuliza?" Bibi alifoka.

Daktari aliweka kalamu chini. "Kwa nini, mama?"

Bibi aligeukia dirisha. "Kidonge chako kinanikimbiza msalani asubuhi nzima. Lile vazi la mpira linabana, hata kulivaa nasaidiwa. Nikibanwa katikati ya bahari nifanye nini? Nimpigie hodi pweza?"

Daktari alijizuia kucheka. "Mbona hukuniambia?"

"Hukuniuliza. Kila nikija unaitazama mashine yako. Na mimi niliona aibu kumweleza kijana mambo ya msalani."

Daktari aliinamisha kichwa. "Ni kweli, nilipaswa kuuliza. Wenzako wakizama tena, naomba nije niwaone."

Alikuja kweli. Alisubiri nje ya ua wa mawe ambako wazamiaji hubadili nguo na kuota moto, mpaka wakamwita.

"Daktari, na hivyo viatu vya harusi?" Bibi Chun-ja, mzamiaji mwenzake Bibi Mal-sun, alimtania. "Utateleza, tukutibu sisi!"

Walicheka, naye akacheka, akavua viatu, akaketi nao. Aliwauliza wanakaa majini muda gani, wanakula nini kabla ya kuzama, wanaumwa wapi wakitoka. Kumbe hata Bibi Chun-ja alikuwa akiruka dawa.

Daktari alimbadilishia Bibi Mal-sun kidonge, akampa kisichomkimbiza msalani, akamtaka apumzike mpaka presha itulie. Bibi alinung'unika, lakini alimeza kila siku mbele ya Da-on. Presha ikashuka.

Siku Bibi aliporudi baharini, Da-on na Daktari walisimama miambani. Bibi alizama. Maji yakatulia. Kisha akaibuka, akaachia pumzi kwa mluzi mrefu wa wazamiaji, akainua konokono mkubwa kama sahani.

"Yule ni bibi yangu," Da-on alisema, kana kwamba Daktari hamjui.

"Na ni mgonjwa wangu," Daktari alijibu, naye kifua mbele.

Bibi alipotoka majini aliwaita wote wawili.

"Mimi nilificha kwa aibu. Daktari hakuuliza. Nusura nipoteze bahari bure. Da-on, ulisema kweli ukijua nitakufokea, na najivunia hilo. Daktari huambiwa yote, hata ya msalani. Na wewe, Daktari, kabla hujampima mtu, muulize kwanza siku zake zinakwendaje."

"Nimesikia, mama."

"Haya. Na siku zako wewe je? Unakula kweli? Umekonda kama kijiti cha kulia wali. Njoo nyumbani, kuna uji wa konokono."