Usukani wa Moto Alioiba Pancras

"Huyu ni mkimbizi tu. Namjua kwa sababu aliwahi kuniibia spana."

Maneno hayo, ndugu zangu, yalisemwa kwenye kipaza sauti, uwanjani Ngara, siku ya Saba Saba mwaka 1978, umma wote ukisikiliza.

Aliyeyasema ni Pancras, tarishi wa pikipiki wa ofisi ya wilaya.

Aliyesemwa ni Nyandwi, fundi wake. Rafiki yake wa miaka minne... mtu aliyekula naye sahani moja.

Na kosa la Nyandwi? Alinyoosha mkono tu. Alitaka kusema kwamba kile kitu ambacho Pancras alikuwa anapigiwa makofi kwa kukibuni, alikitengeneza yeye Nyandwi.

Mgambo wawili wakamtoa uwanjani wamemshika mabega. Akalala mahabusu siku tatu, juu ya saruji, bila blanketi. Na baridi ya Ngara mwezi wa saba mnaijua wenyewe.

Ngoja niwarudishe nyuma kidogo.

Nyandwi alivuka mpaka pale Kabanga mwaka 1972, akikimbia mauaji ya kwao Burundi, yeye na mkewe Esperansia na kisanduku cha vifaa. Akafungua kibanda, akawa anatengeneza baiskeli na pikipiki.

Pancras alikuwa anapeleka barua za serikali kwenye vijiji vya ujamaa. Asubuhi moja ya ukungu, akishuka mteremko wa Kanazi, vidole vikafa ganzi. Akabana breki, vidole havikutii. Akaingia mtaroni na pikipiki yake.

Alifika kibandani akitetemeka, akamwomba Nyandwi amtafutie dawa ya ile baridi.

Nyandwi akaanza na soksi za sufu, juu yake mfuko wa nailoni. Zilifaa mpaka mvua ya kwanza. Zikilowa, afadhali mikono mitupu.

Akashona mifuko ya ngozi ya mbuzi, akaifunga kwenye usukani, mikono inaingia ndani. Hiyo ilizuia upepo vizuri sana. Ila haikuleta joto, na ukitoa mkono kumpungia mtu, kuurudisha ndani huku unaendesha ni shughuli.

Ndipo akapata wazo lake kubwa.

Usukani wa pikipiki ni bomba, ndani uko wazi. Nyandwi akatoboa bomba la moshi, akaunga kibomba chembamba cha shaba, akaupitisha moshi wa moto ndani ya usukani mpaka utokee nchani.

Pancras alienda nao Kanazi na kurudi. Alishuka anacheka, akasema ni kama ameshika kikombe cha uji.

Tatizo lilikuwa moja. Ukiendesha zaidi ya saa nzima, raba ya mkono wa kulia, ile unayozungusha kuongeza mafuta, ililainika na kunata. Ukiizungusha hairudi. Pikipiki inazidi kukimbia.

Nyandwi akamwonya asiende nayo mbali mpaka apate ufumbuzi. Pancras akaitikia.

Wiki iliyofuata akaipeleka kwa Bwana Ndassa, afisa wa wilaya, akasema amebuni mwenyewe. Ndiyo ikazaa ile hotuba ya Saba Saba.

Alipotoka mahabusu, Nyandwi hakumsimulia mkewe mengi. Alisema tu, "Nitamlipa."

"Utamlipa nini, nawe huna kitu?"

Hakujua. Lakini kila usiku alilala na lile neno kifuani... mkimbizi, mwizi wa spana.

Miezi ikapita. Pancras akawa anazunguka vijiji vya karibu, safari za nusu saa, mikono ina joto, kifua mbele.

Halafu vita vikaja.

Novemba, lori la wilaya likachukuliwa kwenda mstari wa mbele. Barua za Biharamulo sasa zilimhitaji Pancras. Njia ya kokoto, saa tatu na zaidi.

Asubuhi ya safari ya kwanza akasimama kibandani kwa Nyandwi. Nyuma amempakia mkewe, Eustakia, aliyekuwa anaenda kwa dada yake njiani. Mkononi ana kilo ya sukari, na mwaka ule sukari ilikuwa haionekani.

Akamsalimia kama vile hakujatokea kitu. Kisha akauliza, kwa sauti ya chini.

"Mkono wa kulia siku hizi unanata kidogo. Ni kawaida?"

Ndugu zangu, Nyandwi alikuwa na koleo mkononi. Kung'oa kile kibomba ilikuwa kazi ya dakika tano.

Akautazama usukani. Akamtazama Pancras.

"Kawaida. Utazoea."

Sukari hakuipokea.

Walipoondoka ndipo akamkumbuka yule mama aliyeketi nyuma. Akakimbia barabarani, akaita, lakini walishapinda kona. Siku nzima hakushika spana.

Mungu ni mwema, Eustakia alishuka salama kwa dada yake.

Pancras akaendelea peke yake. Kwenye mteremko wa Nyabusozi raba ikashika, mafuta hayarudi, kiganja kinaungua. Akaikosa kona. Mkono wa kulia ulivunjika mara mbili na haukufunga ngumi tena. Barua za jeshi zilikutwa zimetapakaa kwenye tope.

Wakati wa vita hilo si jambo dogo. Pancras akamtaja fundi wake, na Nyandwi akaitwa hospitalini. Alimkuta Bwana Ndassa na askari mmoja wamesimama kando ya kitanda, na Eustakia ameketi miguuni.

Pancras alipomwona tu, akamwonyesha kwa mkono mzima.

"Ndiye aliyetengeneza. Muulizeni. Alitaka kuniua."

Mkimbizi, kuharibu pikipiki ya serikali, vitani... Nyandwi alijua hangerudi kwa mkewe.

Bwana Ndassa akamgeukia Pancras taratibu.

"Saba Saba ulisema umetengeneza mwenyewe, na kwamba huyu ni mwizi wa spana."

"Nilidanganya, mzee."

"Basi hata leo unaweza kuwa unadanganya."

Kisha akamuuliza Nyandwi, mbele ya askari, kama aliwahi kuugusa ule usukani.

Mnaona alipofika? Uongo uliomlaza kwenye saruji sasa ndio ulikuwa unamwokoa.

"Sijawahi kuugusa, mzee. Siijui kazi ile."

Pancras akafukuzwa kazi. Aliposema uongo alishangiliwa, aliposema kweli hakuna aliyemwamini. Nyandwi alitoka pale akijisikia mrefu kuliko mlango.

Mlangoni Eustakia akamfuata.

"Alikuuliza. Nilikuwa nyuma yake, nikasikia ulivyomjibu."

Nyandwi akageuka kumtazama.

"Sitasema," mama yule akaongeza. "Alikutenda vibaya, najua. Lakini mimi nilikukosea nini?"

Akarudi ndani kwa mumewe.

Mwezi uliofuata Bwana Ndassa akaja kibandani mwenyewe. Matarishi wa jeshi walikuwa wanateseka na baridi, akauliza kama fundi anaweza kuunda usukani kama ule, ulio salama.

Na Nyandwi alikuwa ameshapata ufumbuzi! Kizibo kidogo cha kufunga moshi, na ngozi nyembamba chini ya raba. Alikuwa nao kichwani, umekamilika.

Angejibu nini, na alishasema mbele ya askari kwamba haijui ile kazi?

"Siwezi, mzee. Nitawashonea mifuko ya ngozi."

Akashona jozi arobaini. Usukani wa moto hakuutengeneza tena mpaka anakufa, na umma haukujua kamwe kwamba ulikuwa wake.

Wewe unayenisoma na umemwekea mtu kinyongo, sikuambii usamehe, hiyo ni juu yako. Nakuomba tu, kabla hujamjibu "kawaida", angalia nani ameketi nyuma yake. Na ujiulize ni kitu gani chako mwenyewe utalazimika kukikana kesho.