Mlio wa Mara Mbili

Siku ya soko Kitchanga, katikati ya kelele za mbuzi na wauza mihogo, lori moja lilirudi nyuma vibaya na kurusha tope kwenye kikwembe cha njano cha msichana aliyebeba fromage, jibini ya kuuza. Dereva akaruka chini, kofia mkononi.

"Dada, unisamehe! Nitakifua mwenyewe."

"Wewe? Mikono ya shofa itakiongezea mafuta!"

"Basi unipatie namba, nitauliza kama kimetakata."

Gisubizo alicheka bila kupenda, akampa.

Alikuwa binti wa wafugaji wa Burungu. Mumbere, kijana wa Butembo, aliendesha lori la mfanyabiashara hadi Mpofi, kule Walikale. Simu zao zikazaa mapenzi, lakini ilikuwa miaka ya vita, na barabara haikuwa na huruma. Kwa hiyo walipatana: akifika, atapiga simu na kukata, kisha atapiga tena na kukata. Mara mbili, maana yake nimefika, Mungu ni mwema. Kabla ya mlio huo Gisubizo hakula, alishika rozari.

Lakini Mumbere alitumia laini ya abonema, inayolipiwa na bosi kila mwezi, na mtandao wake haukufika Mpofi. Alilazimika kupanda kilima kilichopitiwa na watu wenye silaha.

"Mupenzi, acha kupanda kule," Gisubizo alimsihi.

"Sasa utajua je kama nimefika?"

"Tafuta njia. Akili uko nayo, hata kama hauna masikio."

Mumbere akatafuta. Alimrudishia bosi laini yake, akanunua kadi ya kampuni nyingine yenye mnara karibu na kanisa la Mpofi, ile ambayo unanunua inite kwanza ndipo unaongea. Kwa furaha yake alisahau kumwambia Gisubizo mapema. Jioni alimpigia.

Gisubizo aliona namba ngeni, hakupokea. Siku zile watu wasiojulikana waliwapigia wafugaji na kuuliza ng'ombe wanalishwa wapi, ili wawaibe. Ukaja ujumbe: "Ni mimi Mumbere, hii njo namba mupya." Akaufuta. Hata wabaya wanajua kuandika jina la mtu.

Akapiga namba ya zamani. Sauti laini ya mwanamke ikajibu, "Alo?"

Akakata, akamkimbilia mama yake.

"Mama, amepata mwingine. Ao wamemuua, na simu yake iko kwa watu."

"Omba kwanza, mwanangu," alisema mama yake, Dancille. "Kulia, utalia kisha."

Akaomba. Kule Mpofi, Mumbere naye alikaa kwenye ngazi za kanisa, akijiuliza kwa nini mpenzi wake anamkataa. Ghafla akajipiga paji la uso. Akapiga, akakata. Akapiga tena, akakata.

Gisubizo alikuwa anakamua. Simu ikalia mfukoni mwa sweta, ikanyamaza. Ikalia, ikanyamaza. Ilikuwa ile namba ngeni. Mkono wake ukaacha chuchu ya ng'ombe. Ni nani mwingine duniani aliyejua alama hiyo?

Akapiga.

"Ni nani?"

"Muntu asiyekuwa na masikio."

"Mumbere! Na ule mwanamuke?"

"Mwanamuke gani? Aa, Virginie, karani wa biro ya bosi! Ile laini iko ya bosi, amemupatia. Mimi sipandi tena kilima, sheri. Ni wewe ulinikataza."

Gisubizo akacheka huku analia, na ng'ombe akageuza kichwa kumtazama.

"Sema mbiyo, inite zangu ziko zinaisha."

"Basi sikiliza. Nikipiga mara tatu, mujue niko njiani na baba zangu wadogo, tunakuja kukuposa. Utakubali?"

Laini ikakatika kabla hajajibu.

Jumapili, baada ya misa, simu ililia mezani, ikanyamaza. Ikalia, ikanyamaza. Dancille na binti yake wakatazamana.

Ikalia tena.

"Mama, weka maziwa kwenye moto," Gisubizo alisema.

Kisha akaingia chumbani, akatoka amevaa kile kikwembe cha njano, chenye doa la tope ambalo hakuwahi kulifua.